Ngome ya Orodha: Uhakiki wa Dai kwamba Programu za Kuzuia Anwani za IP Hulinda Faragha ya Wabadilishanaji Mafaili

IKISIRI

Uhakiki huu unachunguza dai kwamba programu za kuzuia anwani za IP, hususani PeerGuardian na mrithi wake PeerBlock, hulinda faragha ya watu wanaobadilishana mafaili katika mitandao ya rika kwa rika. Uchunguzi umejikita katika tafiti nne zilizotolewa kati ya 2007 na 2012 pamoja na utaratibu wa kiufundi wa itifaki ya BitTorrent. Hoja kuu ni kwamba programu hizo huzuia muunganisho baina ya mashine mbili, ilhali faragha ya mtumiaji hupotea mapema zaidi, pale anwani yake inapotangazwa kwa kundi zima. Uhakiki unabainisha pia kwamba orodha zinazotegemewa na programu hizo zina makosa ya pande mbili, na kwamba baadhi ya ushahidi uliotumiwa kuzitetea unazunguka katika duara. Hitimisho ni kwamba programu hizi hupunguza aina moja tu ya ufuatiliaji, na kwamba kuziita kinga ya faragha ni kumpa mtumiaji utulivu usio na msingi.

1.0 Utangulizi

Mnamo Septemba 2003, kampuni wanachama wa chama cha warekodi muziki wa Marekani, RIAA, zilianza kuwashtaki watu binafsi waliotuhumiwa kubadilishana nyimbo kwenye intaneti bila idhini. Mashauri ya mwanzo yalikuwa 261. Hadi chama hicho kilipotangaza mwishoni mwa 2008 kwamba kinaachana na mkakati wa mashtaka ya jumla, maelfu ya watu walikuwa wameguswa. Katika shauri la Capitol dhidi ya Thomas, lililosikilizwa Minnesota mwaka 2007, baraza la wazee wa mahakama liliamuru mshtakiwa alipe dola 222,000 kwa nyimbo 24. Baada ya kusikilizwa upya mara mbili na kukatiwa rufaa, kiasi hicho hicho ndicho kilichothibitishwa mwaka 2012.

Katika mazingira hayo ya hofu ndipo programu za kuzuia anwani zilipopata wafuasi. Ahadi yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wafuatiliaji wanajulikana, anwani zao zimeorodheshwa, na programu itawafungia mlango. Programu zenyewe zilitolewa bure. PeerGuardian ilienea katika nusu ya kwanza ya muongo wa 2000. PeerBlock, iliyojengwa juu ya msimbo wa PeerGuardian 2, ilifuata mwaka 2009. Wazo lenyewe halikufia humo, kwani programu za BitTorrent kama Transmission na qBittorrent zina sehemu ya kupakia orodha ya anwani za kuzuiwa hadi leo.

Swali linaloulizwa hapa ni iwapo ahadi hiyo ilitimizwa. Swali hili haliamui uhalali wa kubadilishana kazi zenye hakimiliki. BitTorrent hutumika pia kusambaza kazi halali, ikiwemo mifumo huria ya kompyuta, na haki ya faragha haimhusu mkosaji peke yake. Kinachopimwa ni uhusiano kati ya kile programu inachosema inafanya na kile inachofanya. Uhusiano huo una uzito, kwa kuwa mtu anayeamini kwamba amekingwa hutenda tofauti na mtu anayejua kwamba yuko wazi.

2.0 Jinsi Programu Zinavyofanya Kazi

Programu ya aina hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kichujio kinachokaa kati ya kompyuta na mtandao, kikikagua kila pakiti ya data inayoingia au kutoka. Ya pili ni orodha. Kila mstari wa orodha hubeba jina la anayedhaniwa kumiliki anwani, anwani ya mwanzo na anwani ya mwisho ya safu husika. Pakiti ikielekea au ikitoka katika anwani iliyomo ndani ya safu hiyo, hutupwa.

Kichujio ni chombo cha kawaida katika usalama wa kompyuta, na hakuna sababu ya kutilia shaka uwezo wake. Kikiambiwa kizuie anwani fulani, kinaizuia. Kwa hiyo thamani yote ya programu imewekwa katika orodha, na uhakiki wowote wa programu hizi hauna budi kuwa uhakiki wa orodha. Hapa ndipo mijadala mingi inapopotoka: ufanisi wa kichujio huchukuliwa kuwa ushahidi wa ufanisi wa ulinzi. Mtumiaji anapoona kwenye skrini mistari mingi ya anwani zilizozuiwa, huona kazi ikifanyika. Hata hivyo, idadi ya waliozuiwa haisemi lolote kuhusu ambao hawakuzuiwa.

3.0 Utetezi wa Kitaaluma na Duara Lake

Utetezi wenye nguvu zaidi wa orodha ulitoka kwa Banerjee, Faloutsos na Bhuyan wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, katika utafiti uliowasilishwa mwaka 2007. Watafiti hao walikusanya data za mtandao wa Gnutella kwa muda wa siku 90. Waligundua kwamba mtumiaji asiyetumia orodha yoyote hakosi kukutana na anwani zilizoorodheshwa, na kwamba kati ya asilimia 12 na 17 ya anwani zote tofauti alizokutana nazo zilikuwa ndani ya orodha hizo. Walionesha pia kwamba kuepuka safu tano tu zinazokutwa mara nyingi zaidi kunashusha uwezekano wa kufuatiliwa hadi takribani asilimia 1.

Matokeo haya yamenukuliwa kama uthibitisho kwamba orodha zinafanya kazi. Ukiyasoma kwa makini, yanathibitisha jambo dogo zaidi. Kilichopimwa ni kukutana na anwani iliyoorodheshwa. Kufuatiliwa ni jambo jingine, na uhusiano kati ya mambo hayo mawili ulichukuliwa kuwapo bila kupimwa. Ikiwa orodha ndiyo kipimo cha nani ni mfuatiliaji, basi ni dhahiri kwamba anayeepuka waliomo katika orodha ataonekana kuwa ameepuka wafuatiliaji. Hoja inarudi ilikoanzia. Mfuatiliaji ambaye hayumo katika orodha haonekani katika hesabu hiyo hata kidogo, na huyo ndiye mtu ambaye mtumiaji angehitaji kuonywa juu yake.

Haimaanishi kwamba utafiti huo hauna thamani. Ulikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo kuliweka suala hili katika vipimo badala ya uvumi, na umeonesha kwamba mzigo mkubwa wa orodha hubebwa na safu chache. Lakini asilimia 1 iliyotajwa haipaswi kusomwa kama kiwango cha hatari kinachobaki baada ya kinga. Ni kiwango cha kukutana na sehemu iliyobaki ya orodha ileile.

4.0 Ushahidi Uliotoka Nje ya Orodha

Ili duara hilo livunjwe, ilihitajika njia ya kuwatambua wafuatiliaji bila kuitegemea orodha. Tafiti tatu zilizofuata zilisaidia katika hilo, kila moja kwa namna yake.

Ya kwanza ni ya Piatek, Kohno na Krishnamurthy wa Chuo Kikuu cha Washington, ya mwaka 2008. Watafiti hao waliunganisha mashine zao na makundi ya BitTorrent kwa ajili ya vipimo tu, bila kupakua wala kusambaza faili lolote. Hata hivyo walipokea zaidi ya barua 400 za malalamiko ya hakimiliki. Wakasonga mbele na kuonesha kwamba inawezekana kuziingiza anwani za vifaa visivyohusika katika rekodi za kundi, na baadhi ya barua zilizotumwa zililenga anwani za printa. Kuhusu programu za kuzuia anwani, hitimisho lao lilikuwa wazi: mara nyingi zilishindwa kuwatambua mawakala wengi walioelekea kuwa wafuatiliaji, ingawa mienendo ya mawakala hao iliwafanya wawe rahisi kutofautishwa na watumiaji wa kawaida.

Ya pili ni ya Le Blond na wenzake wa taasisi ya INRIA, Ufaransa, iliyotolewa mwaka 2010. Kwa siku 103, wakitumia mashine moja tu, walikusanya anwani milioni 148 za watumiaji wa BitTorrent pamoja na taarifa za nakala bilioni mbili za mafaili yaliyokuwa yakipakuliwa. Utafiti huu haukuhusu orodha moja kwa moja, lakini unazigusa katika kiini. Unaonesha kwamba ufuatiliaji wa kiwango kikubwa hauhitaji jeshi la mashine. Mtu mmoja mwenye kompyuta moja anatosha, na mtu wa namna hiyo hana sababu ya kuwa katika orodha ya mtu yeyote.

Ya tatu ni ya Chothia na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ya mwaka 2012. Wao walibuni vigezo vya kumtambua mfuatiliaji kwa tabia yake ndani ya kundi, kisha wakawalinganisha waliotambuliwa na orodha zilizokuwa zikipatikana kwa umma. Waligundua kwamba mafaili yanayopendwa sana hufuatiliwa kwa wingi, na kwamba anayejiunga na kundi la faili la namna hiyo anaelekea kufuatiliwa ndani ya saa tatu. Kuhusu orodha, waligundua makosa makubwa ya pande zote mbili: zilikuwa na anwani nyingi zisizo za wafuatiliaji, na zilikosa nyingi ambazo ni zao.

Tafiti hizi tatu, zikisomwa pamoja, zinabadilisha swali lenyewe. Kabla yake iliwezekana kuuliza kama orodha ni ndefu vya kutosha. Baada yake inabidi kuuliza kama orodha, hata iwe ndefu kiasi gani, ni chombo kinachofaa kwa kazi hii.

5.0 Kutangazwa Kabla ya Kuunganishwa

Jibu limo katika utaratibu wa BitTorrent wenyewe. Mtumiaji anapotaka faili, programu yake huwasiliana kwanza na seva ya uratibu, ambayo huandika anwani yake na kumpa anwani za wengine walio katika kundi hilo. Kuanzia hapo, mtu yeyote anayeiuliza seva kuhusu faili lilelile anaweza kupewa anwani ya mtumiaji huyo. Pasipo seva, kazi hiyo hufanywa na jedwali lililogawanywa miongoni mwa mashine za watumiaji wenyewe, ambamo kila mmoja hutangaza kwamba yupo. Aidha, wenza walio katika kundi huarifiana anwani za wenza wengine wanaowafahamu.

Njia zote tatu zina sifa moja inayofanana. Anwani ya mtumiaji hufika kwa mfuatiliaji bila wawili hao kuunganishwa. Kichujio kinaweza kumzuia mfuatiliaji asibishe hodi, lakini hakiwezi kumzuia asiulize njiani ni nani anayekaa katika nyumba hiyo. Seva ya uratibu haimo katika orodha, na ingekuwamo mtumiaji asingepata wenza kupitia kwake. Kwa maneno mengine, programu ikimlinda mtumiaji kikamilifu, inamwondoa katika kundi. Ikimwacha katika kundi, inamwacha hadharani.

Tofauti kati ya ufuatiliaji wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja inaeleza pia historia ya programu hizi. Katika mtandao wa Kazaa, ambao ndio uliohusika katika shauri la Thomas, ushahidi ulikusanywa kwa kuingia katika folda ambayo mtumiaji alikuwa ameiacha wazi kwa wengine na kuorodhesha yaliyomo. Kazi hiyo ilihitaji muunganisho. Orodha ambayo ingekuwa na anwani sahihi ya mkusanyaji ingeweza, kwa wakati huo, kuleta tofauti. Programu za kuzuia anwani zilikuwa jibu la swali la wakati wake, na kosa kubwa lilikuwa kulihamishia jibu hilo katika BitTorrent, ambako swali lilikuwa limebadilika.

Lugha ya Kiswahili inasaidia kuliona kosa hili. Neno faragha hubeba dhana ya kujitenga, yaani mahali ambapo mtu yuko peke yake au na aliowachagua. Kundi la BitTorrent si mahali pa namna hiyo. Ni baraza. Anayeketi barazani na kumgeuzia mtu mmoja mgongo amekataa mazungumzo naye, lakini hajajificha, kwa kuwa waliopo wote wanaweza kusema kwamba walimwona. Programu za kuzuia anwani humpa mtumiaji uwezo wa kuchagua wa kuzungumza naye, kisha huuita uwezo huo faragha.

6.0 Orodha kama Matini

Orodha inastahili kusomwa pia kama matini yenye mwandishi, hadhira na itikadi. Wakusanyaji wa orodha mashuhuri walikuwa watu wa kujitolea, wengi wakitumia majina ya bandia, na orodha za Bluetack ndizo zilizopata matumizi mapana zaidi. Safu zilizoingizwa hazikuwa za kampuni za ufuatiliaji peke yake. Zilikuwamo za ofisi za serikali, za kampuni za kibiashara na za vyuo vikuu. Msomaji wa orodha hupewa jina la taasisi na mipaka ya safu. Hapewi sababu ya kuingizwa, tarehe ya ushahidi wala namna ya kuukagua.

Matini ya namna hii huhukumu kwa jina. Anwani huonekana ya hatari kwa sababu ya mmiliki anayedhaniwa, si kwa jambo iliyotenda. Matokeo yake yamekwisha kuonekana katika utafiti wa Birmingham: asiyehusika huzuiwa, na mhusika huachwa. Kwa mtumiaji, kuzuiwa kwa wasiohusika kunapunguza idadi ya wenza na kunaweza kuvuruga hata huduma nyingine za kawaida kwenye kompyuta yake, kwani kichujio hakitofautishi kati ya kubadilishana mafaili na kusoma tovuti.

Tatizo la ndani zaidi ni kwamba orodha ni ya umma. Inavyoweza kusomwa na anayetaka kujikinga, ndivyo inavyoweza kusomwa na anayefuatilia. Kampuni inayofuatilia inaweza kuikagua orodha, ikaona kwamba safu yake imo, na ikakodi anwani nyingine katika kituo cha kuhifadhia seva au ikatumia laini ya kawaida ya nyumbani. Anwani hiyo mpya itafanana na ya mtumiaji yeyote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na orodha, kwa asili yake, huelekeza macho nje ya nguo. Humtafuta adui kwa majina makubwa ya taasisi, ilhali katika kundi adui huja akiwa mwenza mwingine anayeomba kipande cha faili.

7.0 Anwani na Mtu

Kuna hoja kwamba anwani ya IP si mtu, na hivyo kufichuliwa kwake si kuvunjwa kwa faragha. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ina ukweli. Mwaka 2018, katika shauri la Cobbler Nevada dhidi ya Gonzales, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa nchini Marekani iliamua kwamba kuonesha tu kwamba mtu ndiye aliyesajiliwa kwa anwani fulani hakutoshi kumtia katika madai ya kuvunja hakimiliki. Katika mitandao mingi ya simu za mkononi, wateja wengi hushirikiana anwani moja ya umma kwa wakati mmoja. Printa za Washington ni kielelezo kingine cha umbali uliopo kati ya anwani na mtenda.

Sehemu ya pili ya hoja, hata hivyo, haifuati. Mtoa huduma ya intaneti anaweza kuioanisha anwani na jina la mteja, na ndiyo sababu Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Breyer la mwaka 2016, ilikubali kwamba hata anwani inayobadilika inaweza kuwa taarifa binafsi pale ambapo mwenye kuihifadhi ana njia ya kisheria ya kupata taarifa za ziada kutoka kwa mtoa huduma. Udhaifu wa uhusiano kati ya anwani na mtu haumlindi mtumiaji. Unaongeza tu uwezekano kwamba atakayepokea barua ni mtu asiyehusika. Na hapa programu za kuzuia anwani hazina la kusema kabisa. Mwenye printa hakuwa na cha kuzuia, kwa kuwa hakuwa na muunganisho wowote.

Ikumbukwe pia kwamba mtoa huduma mwenyewe yuko nje ya uwezo wa kichujio. Trafiki yote ya mtumiaji hupita mikononi mwake, na hakuna orodha inayoweza kumtoa. Anayetaka kuficha anwani yake kwa kundi analazimika kuihamishia imani yake kwa mpatanishi, kwa mfano mtoa huduma wa VPN. Hatua hiyo hubadilisha anayejua, haifuti ujuzi, na ina masharti yake ya kisheria. Nchini Tanzania, kwa mfano, Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watumiaji wa VPN kujisajili kufikia tarehe 30 Oktoba 2023.

8.0 Hitimisho

Anayezitetea programu hizi anaweza kusema kwamba kinga pungufu ni bora kuliko kutokuwa na kinga. Kauli hiyo ina nguvu pale tu mtumiaji anapojua upungufu uko wapi. Kinachojulikana ni kwamba programu ya kuzuia anwani humzuia mfuatiliaji anayejulikana, anayetumia anwani ya zamani, na anayehitaji kuunganishwa moja kwa moja ili apate ushahidi. Haimzuii asiyejulikana, aliyehama, wala anayesoma tu matangazo ya kundi. Mfuatiliaji wa aina ya kwanza alikuwa tishio halisi katika zama za Kazaa. Wa aina ya pili ndiye aliyeandikwa na tafiti za 2008, 2010 na 2012.

Kwa hiyo dai kwamba programu za kuzuia anwani za IP hulinda faragha ya wabadilishanaji mafaili haliwezi kukubalika kwa sura yake ya jumla. Linaloweza kukubalika ni dai finyu zaidi: kwamba hupunguza miunganisho na baadhi ya anwani zinazoshukiwa. Pengo kati ya madai hayo mawili si la maneno tu. Aliyeamriwa kulipa dola 222,000 kwa nyimbo 24 alionesha gharama ya kuonekana ilivyo, na kila anayeingia katika kundi akiamini kwamba haonekani anaichukua gharama hiyo bila kujua. Tafiti zijazo kuhusu zana za faragha hazina budi kuanza kwa kuuliza taarifa ya mtumiaji hutoka wapi kwanza, kabla ya kupima kinga iliyowekwa mahali pengine.